Kikapu cha Vipaji

Nilipomaliza darasa la saba mgongo wangu ulikuwa umepinda, na nilitamani jambo moja tu: kubeba kikapu cha mahindi kichwani Jumapili ya mavuno, wasichana wanapocheza kupeleka vipaji altareni.

"Kunigunda, umeangusha nini huko chini?" wenzangu walinitania.

Hospitalini Mbinga, Dokta Dorah wa mazoezi ya viungo alinisimamisha ukutani. "Kisogo kiguse, mdogo wangu. Kidevu ndani."

Nyumbani nilirudia kila asubuhi, mpaka mabega yakaanza kutii.

Jumapili ile Sista anayepanga wachezaji alinitazama. "Umenyooka, mwanangu, ila bado kidogo. Mwakani."

Kikapu akapewa mwenzangu Devotha. Nilikaa kwenye benchi bila kuegemea. Alipopita akicheza, shingo yangu ilimfuata polepole, kama vile mahindi yale nimeyabeba mimi.