Msitu wa Babu Ngosha

Mhoja hakutulia tangu alfajiri. Aliikaza ngozi ya ngoma yake, akailegeza, akaikaza tena, hadi mama yake, Kija, akamwambia aende zake kabla hajaipasua.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kufyeka pori. Serikali ya Mwingereza iliamuru vichaka vyote vya upande ule wa ghuba ya Mwanza viondolewe kwa sababu ya ndorobo, wale mbung'o wa malale, na kweli ndorobo walikuwa wanamaliza ng'ombe. Hakuna aliyebisha. Ila ndani ya pori hilo palikuwa na msitu mdogo wenye chemchemi. Hapo ndipo Ngosha, babu yake Mhoja, alipopiga kambi wakati nchi haina hata kijia, na hapo ndipo alipozikwa. Kija alichota maji hapo tangu alipoolewa.

Mhoja alikuwa amekwenda kwa mtemi kuuombea. Mtemi alitazama kwanza huku na huku.

"Bwana shauri wa serikali siwezi kumbishia," alisema. "Lakini mvua imekaribia, watu wanarudi mashambani. Jua la siku ya mwisho likizama, kilichobaki kimebaki. Wewe ndiye mwenye ngoma. Piga polepole, na usimwambie mtu."

Maana watu wale hukata miti kwa wimbo, na mwimbishaji akijiburuta, mashoka nayo yanajiburuta. Basi Mhoja akajiburuta. Vijana wake walinung'unika, mmoja akamuuliza kama anaumwa. Alasiri ikafika, msitu ungali mbali, naye bado anageuka kila mara kulitazama jua.

Tatizo lilikuwa Luhaga. Wafyekaji walikuwa makundi mawili, Wagalu wa Mhoja na Wagika wa Luhaga, mahasimu wa ngoma tangu enzi za baba zao, na watu hao hawawezi kufanya kazi bega kwa bega bila kutukanana kwa nyimbo. Luhaga alipoona amewaacha Wagalu nyuma, akaimba kwamba Ngosha hakuja kufungua nchi. Alikuja mbio, anaswaga mtamba wa watu, na msitu ule ulikuwa maficho ya mwizi.

Wagika wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mhoja alijiambia anyamaze. Akajiambia tena. Halafu, jamani, akajibu.

Alikusudia ubeti mmoja tu. Lakini ubeti ulikuwa mtamu, vijana wakaudaka, akaongeza wa pili, na wa tatu. Ngoma ikapanda, mashoka yakapanda nayo. Aliwaimba ng'ombe wa Ngosha mmoja mmoja kwa rangi zao, akaimba simba aliowafukuza, macho ameyafumba, jasho linamtiririka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo roho yake ilitulia. Luhaga akaishiwa maneno. Wagalu wakashangilia.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa bado halijagusa mawe ya ziwani. Mbele yake chemchemi iling'aa, haina kivuli, na kaburi la babu lilikuwa limejaa matawi. Vijana walimtazama wakingoja sifa. Mhoja alitamani ardhi immeze.

Kija alikuja na mtungi wake kama kila jioni. Akasimama, akatazama visiki.

"Nilikuwa nakusikia tangu nyumbani," alisema. "Nikaacha kupeta mtama, nikasema, leo mwanangu anamwimba babu yake vizuri."

Akainama, akachota maji.