Sauti ya Kanini Upande wa Kwanza

Mwalimu Mbaluka alifundisha hesabu Ruiru, na kama walimu wengi wa hesabu, aliamini kwamba kila tatizo lina njia yake, mradi ukae chini utulie. Mkewe Kanini alipofariki kwa homa ya siku chache, mwaka ule wa tisini na tatu, Mbaluka akakaa chini. Kutulia ndiko kulikomshinda.

Katika nyumba yao ya kupanga huko Gatongora palikuwa na kompyuta kuukuu ya kuunganishwa na televisheni, aliyoachiwa na mwalimu wa kujitolea aliyerudi kwao Ulaya. Ukiizima, ilisahau kila kitu. Ukitaka ikumbuke, uliifunga kwa waya kwenye redio kaseti, ukabonyeza vitufe viwili, nayo ikapiga kelele kwenye utepe kwa dakika kama tano hivi, kelele ya mbuzi aliyeshikwa pembe. Kesho yake uliirudishia kelele zilezile, ikaendelea ilipoachia.

Mbaluka alikuwa ameiandikia programu ya kujifunza kutambua maneno. Hakuiambia neno "moja" husikika vipi. Aliisikilizisha tu, ikakisia, akaisahihisha, ikakisia tena, na kila ilipokosea ilijirekebisha kidogo ndani kwa ndani. Aliyetoa sauti ni Kanini. Alihesabu moja mpaka kumi kwenye kaseti, akarudia na kurudia, huku akilalamika kwamba ameolewa na mtu anayefundisha watoto mchana na televisheni jioni.

Kanini alipozikwa, kaseti ile ndiyo ikawa sauti yake pekee iliyobaki duniani. Nayo ilikuwa imeanza kukwaruza kwa kuchezwa mno. Hapo mchezo ukageuka nadhiri: mashine imjue Kanini, namba zote kumi bila kukosea hata moja, kabla sauti haijachakaa. Ungemuuliza ikishamjua ndipo iweje, angekutazama tu. Upweke una hesabu zake, na hausahihishwi na mtu.

Nyuma ya mlango aliandika kwa chaki kila jaribio: lilianzia wapi, alibadilisha nini, mashine ikapata ngapi. Tatu kwa kumi. Tano. Ikarudi nne, ikampa homa. Saba. Jirani yake Wakonyo alipomwita chai aliambiwa kesho, na kesho hiyo haikufika hadi mama wa watu akachoka. Mbaluka alitoka shule moja kwa moja hadi kwenye kiti. Alicheza kaseti mpaka "kumi" ya mwisho, akaisimamisha papo hapo, akairudisha mwanzo.

Maendeleo ya mashine aliyahifadhi upande wa pili wa kaseti hiyohiyo, maana nyingine zote redio ilikuwa imezitafuna. Zamani ilikuwa kaseti ya mahubiri, iliyonunuliwa Thika, ya zile zilizotengenezwa zisirekodiwe juu. Lakini nani hajui dawa yake? Mbaluka aliziba matundu mawili ya mgongoni kwa karatasi iliyotafunwa, ikakubali kurekodi pande zote.

Mamake Kanini, Syokau, alikuwa ametuma watu kutoka Ngoliba zaidi ya mara moja. Aliomba jambo moja tu, asikie sauti ya mwanawe. Mbaluka alijibu kwamba angoje kidogo. Hakutaka utepe uliwe bure. Tusimfiche, huo ulikuwa uchoyo. Mfiwa naye huwa mchoyo, akadhani aliyeondoka alikuwa wake peke yake.

Jumamosi moja alasiri, mashine ikapata kumi kwa kumi. Mbaluka akaandika mlangoni, akageuka kumwambia mtu, na hapakuwa na mtu. Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Taa ikafifia, ikarudi, ikafifia tena, na huko Gatongora hata mtoto alijua maana yake: stima inaaga. Kazi yote ya miezi ingefutika kwa mpigo mmoja. Akarudisha utepe mwanzo, akabonyeza vitufe viwili, mashine ikaanza kulia.

Stima ilikatika kelele zilipokwisha tu. Mbaluka akacheka peke yake, kicheko kilichomshtua mwenyewe. Akatoa kaseti, akaisogeza dirishani apate kuiona vizuri, na juu yake akakuta mwandiko wa Kanini, ule wa upande wa sauti yake. Hakuwa ameigeuza.

Stima iliporudi alijikaza kuicheza. Zilitoka kelele za mbuzi. Aliizima haraka, akajilaza na viatu vyake, bila kula.

Kesho yake, baada ya kanisa, Syokau akabisha hodi. Alisema amechoka kungoja. Wakamba wana heshima yao iitwayo nthoni, ambayo haimruhusu mama mkwe kumkaribia mkwewe wala kumkazia macho, na Syokau alikuwa wa zamani. Akakaa kwenye stuli ya mlangoni, uso nje, mgongo ndani. Pengine ndiyo sababu Mbaluka aliweza kusema. Akaueleza mgongo ule kwamba mashine imemjua Kanini kabisa, haikosei, na kwamba katika kuihifadhia ujuzi huo ameifuta sauti yenyewe.

Syokau akasema, "Iweke nisikie."

"Mama, ni kelele tu."

"Nimetoka Ngoliba. Weka hiyo kelele."

Akaiweka. Kelele zikajaa nyumba. Mbaluka akaona haya, mkono ukaenda kwenye kitufe, na Syokau, bila kugeuka, akamwambia aache. Wakazisikiliza zote, mama na mkwe, kama watu waliokaa matangani. Zilipokoma, utepe uliendelea kuzunguka ukivuma polepole. Huko Mbaluka hakuwahi kufika. Haja yake ilikuwa namba tu, na siku ile ya kurekodi alizama kwenye kompyuta hata asikumbuke kuzima redio.

Kikasikika kifuniko cha sufuria. Maji yakamiminwa. Halafu Kanini, kwa mbali, kutoka jikoni:

"Mbaluka, zima hiyo kitu sasa, ukuje. Chakula inapoa."

Mbaluka alilia hapohapo, bila kujificha, kilio ambacho hakukilia makaburini. Akanyoosha mkono arudishe utepe, asikie tena. Syokau alikuwa amegeuka kwenye stuli, nthoni na yote, anamtazama usoni huku naye machozi yanamshuka. Alikuwa ameona midomo yake iliyokauka.

"Baadaye," alisema. "Kwanza ukule, vile umeambiwa."