Kadi Namba 214

Mama Chenge, jirani yetu hapa Igogo, anasema alimwona kwa macho yake yule msichana wa utafiti wa damu pale kliniki, Kokulinda, akiingia kiwanda cha samaki na sanduku la damu zetu. Anasema wanainyunyizia minofu ya sangara ipate wekundu kabla ya kupanda ndege kwenda Ulaya. Mimi nesi aliniambia sanduku lile hufuata barafu tu kiwandani, damu isiharibike. Lakini dada yangu Getruda alishaamini.

"Mkono wangu siwapi tena," alisema, huku akikohoa. "Mimi si sangara."

Kliniki ilikuwa kesho yake. Anayekosa siku yake anafutwa kwenye utafiti, na akifutwa hapati dawa za bure. Siku hizi hospitalini ni kuchangia gharama, utachangia nini? Kadi haina jina wala picha, namba tu, ili watu wasijuane. Asubuhi nikaitoa chini ya mto wake, nikaenda. Nesi wa siku hiyo alikuwa mgeni. Aliitazama kadi, mimi hakunitazama. Nikampa mkono wangu, akatoa damu, nikarudi na dawa ya kikohozi.

Baada ya wiki mbili nikafuata dawa nyingine. Mara akatoka Kokulinda mwenyewe, daftari kifuani. Binti wa Bukoba, umri wangu tu, ila yeye kasoma.

"Mia mbili kumi na nne ni wewe? Kaa, dada, kaa!"

Akanieleza kwamba damu ina askari wake, virusi vinawamaliza kidogo kidogo, dawa ya kuvizuia bado haijafika kwetu, naye kazi yake ni kuwahesabu. Akafungua daftari. Mstari ulishuka, ukashuka, halafu ghafla ukapanda kama mlima.

"Mwaka wa tatu nahesabu, sijaona askari waliokwisha wakarudi hivi. Wako wamerudi! Umekula nini? Niambie, wako wengi wanaosubiri."

Machozi yalimlengalenga. Mimi nilikuwa natazama pale mstari ulipofika chini, kabla ya mlima. Pale ndipo alipokuwa Getruda. Sikujua kama ni chini kiasi kile.

"Huo mlima ni mimi," nikasema. "Mwenye kadi yuko nyumbani. Anawaogopa."

Akashika kalamu, akaiweka juu ya namba ile.

"Futa damu yangu, dada. Yeye usimfute. Nitamleta, hata kwa kumbeba mgongoni. Utampokea?"

Nesi akaita namba nyingine. Kokulinda alikuwa bado anautazama mstari, kalamu mkononi.