Dhahabu Kwenye Kompyuta ya Badi

Mwaka 1999, katika ofisi ya kompyuta Changamwe, Mwanatumu alihangaika wiki mbili hadi picha kwenye tovuti ya hoteli ikawa inabadilika kila kipanya kinapoipitia. Kodi iliyofanya kazi hiyo, yaani maandishi ya kuiamuru kompyuta, aliipa jina la nyanyake, Dhahabu.

Mwezi haukwisha, akaona tovuti aliyoitengeneza mwenzake Badi ikifanya vivyo hivyo. Shaka ikamwingia. Akawa haachi mezani diski yake aliyoihifadhia kodi hiyo, huenda nayo hata msalani, na Badi akimsalimu humjibu nusunusu. Siku moja Badi alipokwenda kuswali adhuhuri, Mwanatumu akachungulia kompyuta yake. Dhahabu, herufi kwa herufi!

Badi aliporudi akamkabili. "Wallahi, Badi, diski yangu umeifungua lini?"

"Diski gani, dada?" Badi akafungua tovuti ya hoteli, akabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua kuonyeshwa chanzo cha ukurasa, na kodi yote ya Mwanatumu ikatandazika. "Kila afunguaye ukurasa huletewa pia kodi yake. Lakini ilinipasa nikuulize kwanza. Niwie radhi."

Uso ulimwiva Mwanatumu kwa haya. Akavuta kiti.

"Basi nifungulie na tovuti za wengine, nione wamefanyaje."