Joto la Jumba la Kompyuta

Mita ililia mara ya mwisho, mashine ya kutotolesha ikanyamaza. Mama Vifaranga alikuwa ameshika yai sikioni. Ndani mlikuwa na mtu anagonga. Siku ya kuanguliwa ndiyo hiyo, na umeme alioununua asubuhi ulikuwa umekwisha kabla jua halijafika utosini. Kukopa alishakopa, mpaka majirani wakawa wanamkwepa.

Alikumbuka. Mheshimiwa alisimama uwanjani na kipaza sauti: wageni wajenge jumba la kompyuta za kuhifadhi data, wasamehewe kodi, wataleta mitambo ya umeme wa jua, na umeme utakuwa bwerere. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Yeye mwenyewe alipiga kigelegele. Mitambo ilikuja kweli, ikafunika kilima kizima, na umeme wake wote ukaingia jumbani. Nguzo na nyaya mpya zikalipiwa na wasiosamehewa kitu. Bei ikapanda, ikapanda tena. Mwenyeji hajapona mpaka leo.

Akapanga mayai kwenye trei, akayafunika, akavuka barabara. Nyuma ya jumba, matundu ya ukutani hutema upepo moto wa kompyuta mchana kutwa. Umeme wa watu huishia pale, unatupwa nje kama makapi.

Mlinzi wa lango la nyuma alikuwa mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, unawaletea matajiri mayai ya kuchemsha?"

"Nimefuata changu. Nipishe."

"Wakikuona, mimi sina kazi."

"Basi tazama kule. Si ndiyo kazi waliyokupa, kutoona?"

Mlinzi alitaka kucheka, akashindwa. Akageuka.

Mama Vifaranga alipima upepo kwa mgongo wa kiganja: joto lilelile la kuku anayeatamia. Akaweka trei. Haukupita muda maganda yakaanza kupasuka, midomo ikachungulia.

"Njoo uone, shemeji! Wamekuja na kelele kama ukoo wenu!"

Kisha kelele zikapungua. Akainua yai moja. Utando wa ndani ulikuwa umekauka, umemgandamiza kifaranga asiweze hata kugeuza shingo. Maji! Mashine ina sinia la maji ndani yake, vifaranga wapate unyevu. Jambo hilo huwafundisha wenzake kila mara. Leo hasira ilimtangulia, sinia likabaki nyumbani.

"Maji, shemeji! Maji!"

Mlinzi aliacha lango, akaja mbio na chupa yake ya kunywa. Wakapiga magoti, wakanyunyiza, wakabandua maganda kwa kucha. Vifaranga wakalala viganjani mwao, wamekamilika mpaka vidole, kimya.

"Nimewaua mwenyewe."

"Si wewe, shemeji."

"Ni mimi. Na hao wa jumbani pia." Akafuta uso kwa mkono wenye maganda. "Rudi langoni, usije nawe ukakosa cha kuwalisha wanao."

Alikuja na trei imefunikwa. Alirudi nayo wazi, vifaranga wafu juu yake, akipita katikati ya barabara polepole, kila mtu aone.