Pumzi ya Bibi Satı

Taylan alilala chali, kichwa kimejaa nyaya za mashine ya kupima ubongo, na bibi yake Satı ameketi ubavuni pake kama askari wa zamu. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Surua ilimpata kabla hajatimiza mwaka, na sasa mkono wake ulikuwa ukiruka wenyewe na kumwaga chai. Madaktari wa hospitali hii ya mjini Kayseri hawakuwaficha: surua huweza kujibanza ubongoni kwa miaka, kisha ikaua. Ikiwapo, mawimbi makubwa ya ubongo yatajirudia kwenye skrini ya mashine, kila baada ya muda mfupi.

Bibi Satı hakwenda shule, lakini wimbi kubwa hakuhitaji kufundishwa. Lilipanda, likatulia, likapanda tena. Daktari Nermin, aliyeketi mbele ya skrini, akaacha kutafuna mkate wake wa ufuta.

"Bibi, hebu tupishe kidogo."

"Sitoki mimi. Nikitoka nani atamsomea?"

"Unamsomea nini?"

"Dua, mwanangu. Nasoma kimoyomoyo, namaliza, nampulizia kichwani. Wewe endelea na mambo yako."

Daktari akaangalia nyaya zilizoning'inia mbele ya mdomo wa bibi. "Acha kupuliza kwanza."

Bibi Satı akashika ukingo wa kitanda. Wakati ule wa surua, wenzake walipokata tamaa, yeye alimpulizia mpaka homa ikashuka. Kuacha leo aliona ni kumtupa mjukuu wake. Na lipo lililomtisha zaidi: akiacha, halafu wimbi lije lenyewe, atasema nini?

Akafumba mdomo. Akaubana kabisa kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, maana alijijua.

Wakatazama. Vikapita vijiwimbi vidogo vya mtoto aliyesinzia. Wakaendelea kungoja, hata Taylan akaanza kukoroma, na lile kubwa halikuja.

"Ilikuwa pumzi yako, bibi. Ulikuwa unatikisa nyaya. Dalili za ugonjwa ule sizioni humu. Mkono tutautafutia sababu nyingine, na nyingi zina dawa."

"Nusura uniue kwa hofu, binti."

"Mimi? Wewe ndiye uliyenikatisha chakula."

Daktari akabandua waya wa mwisho. "Haya, mpulizie sasa, mpaka uchoke."

Bibi Satı akainama juu ya paji la mjukuu wake, akavuta pumzi. Furaha ilikuwa imemjaa kifuani, pumzi ikagoma kutoka. Akabaki pale anacheka na kulia, machozi yakimlowesha mtoto uso mzima.