Ruhusa ya Kufia Nyumbani

Foleni ya choo asubuhi ile ilikuwa imefika hadi mlangoni mwa chumba chao. Ua mzima ulikuwa na choo kimoja, na wapangaji walikuwa wamesimama na ndoo zao, wakitazama pembeni kwa adabu, maana Mwanaesha alikuwa amemkalisha mumewe kwenye kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, nyuma ya leso aliyoitundika kwenye kamba ya nguo. Leso ilikuwa fupi. Abdulhalim, fundi aliyewashonea kanzu mabwana harusi wa Mji wa Kale kwa miaka na miaka, alikuwa akionekana kuanzia magotini kwenda chini. Goti moja lilikuwa na mguu. La pili liliishia kwenye bandeji, na nzi walikuwa wameshaizoea.

Mwanaesha alimwosha, akamkausha, akamnyanyua kwa kumshika kwapani. Hakuwa mzito tena. Naomi, jirani yao wa chumba cha pili, ambaye alikuwa akichelewa kazini kwa ajili hii, alishika upande wa pili bila kuambiwa. Walipomlaza kitandani, mzee alifumba macho kwa muda mrefu, mpaka Naomi akajua kwamba anasubiriwa atoke, akatoka.

"Nipeke kwangu, Mwanaesha," mzee alisema. "Sitaki kufia hapa watu wanihesabia maji."

Kwake kulikuwa nyumba ya mawe yenye ghorofa moja, kwenye kichochoro nyuma ya Ndia Kuu. Alizaliwa humo, na babake pia alizaliwa humo. Kisukari kilipoanza kumla, mguu ukakatwa, figo zikafuata, pesa za cherehani hazikutosha hata sindano. Hawakuwa na mtoto. Walichokuwa nacho ni nyumba, wakaipangisha, wao wakahamia chumba cha Majengo ili tofauti ya kodi iende hospitali. Mpangaji alikuwa Jamaldin, mwana wa Mji wa Kale ule ule, mwenye duka Biashara Street na mkono mrefu kwa wakubwa.

Wakili hakuitwa. Mji wa Kale, watu wanaojuana kuandikishiana karatasi ni kama kutukanana. Aliitwa Ustadh Mzamil wa madrasa ya jirani. Kahawa ikanywewa, Jamaldin akasema mbele yake kwamba siku mzee atakapoitaka nyumba yake, yeye atatoka bila neno. Ikasomwa Fatiha, mikono ikapitishwa usoni. Kwa Abdulhalim mambo yalikuwa yamekwisha hapo. Nani angesomewa Fatiha kisha aivunje?

Jamaldin hakuivunja kwa kelele. Aliitia nyumba rangi nyeupe, akaipa jina la kizungu, akaanza kulaza watalii kwenye vyumba walimofia watu wa Abdulhalim. Kodi alilipa tarehe mosi kila mwezi, hakuchelewa hata siku moja, ili asije mtu akamshika kwa lolote. Na mzee alipotuma salamu kwamba sasa aitaka nyumba, Jamaldin alikwenda kwenye baraza linaloamua kesi za kodi, akapewa amri ya kuzuia asiguswe. Amri ilitoka haraka ya ajabu. Malalamiko ya Abdulhalim yalisogezwa mbele, yakasogezwa tena, mara faili haionekani, mara mwenyekiti ana mafunzo, na kila mara mgonjwa akibebwa ngazi hadi juu kisha akishushwa.

Sheria ile, Mwanaesha aliambiwa, iliwekwa kumlinda mpangaji mnyonge na mwenye nyumba dhalimu. Vyema. Lakini yeye pia alikuwa mpangaji. Mwenye nyumba wao wa Majengo alipotaka kumtoa mama mmoja mwenye mtoto mchanga, alileta mafundi wakaezua mabati ya chumba chake mchana kweupe, mvua ikamaliza kazi. Hakuna baraza lililoonekana ua ule.

Mchana wa siku ile Mwanaesha alijifunga buibui akaenda kwanza kwa Ustadh Mzamil. Alimkuta madrasani, amekaa juu ya zulia jipya ambalo kila mtu alijua limetolewa na nani. Alimtaka akaseme alichokisikia, barazani, mara moja tu. Ustadh alikunja uso kama mtu anayejitahidi kukumbuka. Fatiha alikumbuka kuisoma, alisema, na alhamdulillahi ilisomwa vizuri. Maneno yaliyotangulia Fatiha ndiyo hakuyashika, kwa kuwa siku ile sikio lake moja lilikuwa likimsumbua. Kisha akamuuliza mgonjwa anaendeleaje. Mwanaesha alimtazama mdomo ule, wenye ndevu zilizopakwa mafuta mazuri, na mate yakamjaa kinywani. Aliyameza, akatoka.

Kwake mwenyewe alibisha hodi. Dzoro, mlinzi mtu mzima mwenye sare iliyompwaya, alimfungulia kwa haya, akamwomba radhi kwamba hana budi kumwandika jina kwanza. Ndani kulinukia udi na dawa ya kuua mbu. Picha ya babake Abdulhalim ilikuwa ingali ukutani, imewekewa taa ndogo, na mtalii mmoja mwenye kaptura alikuwa akiipiga picha.

Jamaldin alimpokea kwa mikono miwili. Aliamrisha kahawa na tende, akamkalisha kwenye kiti kizuri, akauliza hali ya mzee kwa sauti ya mwana aliyefiwa tayari. Mwanaesha hakugusa tende.

"Sikuya kuitaka nyumba," alisema. "Nataka chumba kimoya, kile cha chini karibu na ua. Daktari amesema turudi naye tu. Siku zake zimekwisha, mwanangu. Yuwataka afie kwake."

Jamaldin aliipitisha tasbihi vidoleni, punje baada ya punje.

"Mamangu, mzee ni babangu," alisema. "Ingekuwa ni kufa tu, ningempa hata kitanda changu. Lakini hebu nambia. Akishafia hapa, wewe eda utakaa wapi?"

Mwanaesha hakuwa amelifikiria. Mumewe alikuwa hai, alimwacha amelala mdomo wazi, na mtu huyu alikuwa ameshamfanya mjane na kumpigia hesabu.

"Utakaa papa hapa," Jamaldin alijijibu mwenyewe, kwa upole. "Miezi minne na siku kumi. Na ni nani atakayekutoa? Nikuletee polisi, mji wote unitemee mate kwamba Jamaldin amemtoa mjane edani? Na mimi wageni wangu wamelipa hadi Disemba. Mwenye nyumba ana haki zake, sikatai. Lakini na mpangaji naye ana zake."

Mwanaesha alisema ataapa. Atashika msahafu, akiwepo yeyote amtakaye, kwamba mume akishazikwa atarudi Majengo siku ile ile, eda ataikaa huko.

Jamaldin alitabasamu, na tabasamu lilikuwa la huruma kabisa.

"Kisha waseme nimemwapisha mjane? Hapana, mama. Usinibebeshe dhambi hiyo."

Kumbe dini aliijua, tena vizuri kuliko wengi, kama mwizi anavyojua nyumba. Mwanaesha aliisukuma kahawa mbali naye. Si hasira, hasira angaliijua. Ni ile hali ya mtu aliyetafuna tonge akakuta nusu ya mende mdomoni, na nusu ya pili haioni. Alinyanyuka. Jamaldin akamsindikiza hadi mlangoni, akamtia mkononi kijimfuko cha zile tende, akasema ni za mzee.

Alizitupa kwenye mtaro kabla ya kufika Ndia Kuu.

Mumewe alikuwa macho aliporudi, na jambo la kwanza aliloliuliza ni lini. Mwanaesha hakuwa na tabia ya kumdanganya. Siku ile alimdanganya vizuri, kwa utulivu, huku akimbadilisha bandeji. Alisema Jamaldin amekubali. Alisema chumba cha chini kinapakwa rangi, harufu yake si nzuri kwa kifua cha mgonjwa, wangoje ikauke. Abdulhalim aliuliza rangi gani. Alimwambia ni ile ile ya zamani, samawati, na mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa kuwa rangi nyeupe katika mji wa pwani hushika uchafu upesi.

Alitaka avikwe kanzu, asije akafika kwake na fulana. Akavikwa. Alikaa nayo siku mbili, akiuliza habari za rangi. Siku ya tatu, wapangaji wakiwa kwenye foleni na ndoo zao, aliacha kuuliza. Naomi ndiye aliyetoka nje kuwaambia watu waongee polepole.

Habari ikavuka barabara, ikafika Mji wa Kale. Hata maiti hajafungwa kidevu, gari la Jamaldin lilikuwa limesimama nje ya ua. Aliingia ameshavaa kanzu na kofia, akaanguka kitandani pa maiti akalia, na machozi yalikuwa machozi ya kweli, Mwanaesha aliyaona. Kisha alisimama akasema kwa sauti iliyosikika hadi chooni kwamba haiwezekani. Mtu kama mzee Abdulhalim hawezi kutolewa kwenye ua wa kupanga. Atatoka kwake, nyumbani kwa babake, na gharama zote juu yake.

Watu walimwombea dua. Mwanaesha alifungua mdomo, akaona nyuso zile zote zilizojaa shukrani, akaufunga. Angesema nini? Asipelekwe kwake, naye aliomba miezi yote apelekwe?

Ndivyo Abdulhalim alivyoingia nyumbani. Mlango ulifunguliwa mbawa zote mbili, Dzoro ameuegemea ubavuni asizuie ndia. Walimwosha kwenye bafu la chumba cha chini karibu na ua, kile kile. Watalii walikuwa wamehamishiwa hoteli nyingine kwa siku moja, wakapewa na chakula cha bure. Baada ya sala ya adhuhuri jeneza lilitoka, Jamaldin amelishika mbele kabisa, na waliporudi makaburini yeye ndiye aliyesimama kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, kupokea mikono. Kila mmoja alimpa pole, kila mmoja akamwambia Mungu amlipe. Mheshimiwa mmoja alikuja na msafara, akakaa dakika chache, akasifu mpangaji mwenye imani kwa mwenye nyumba wake. Sufuria za biriani zilichemka uani.

Wanawake walikuwa juu. Mwanaesha alikaa sakafuni, mgongo umeegemea ukuta wa chumba alichoingizwa akiwa bi harusi, akisikia jirani zake wa zamani wakisema jinsi nyumba ilivyopendeza. Alasiri ilipomalizika, pazia la mlango lilitikiswa, na sauti ya Ustadh Mzamil ikamwita kwa jina.

Ustadh alimpa mkono wa tanzia kwa maneno. Kisha akasema kuna jambo la sheria, asije mama akaingia makosani kwa kutojua. Mwanamke hukaa eda katika nyumba aliyokuwa akikaa na mumewe mauti yalipomkuta. Hiyo ni ya Majengo. Kwa hiyo ingekuwa bora aondoke kabla ya magharibi, ili usiku wa kwanza usimkute pasipo pake.

Alisema kweli. Hiyo ndiyo iliyochafua moyo wa Mwanaesha kuliko yote, kwamba katika neno lile hapakuwa na uongo hata wa kutolea mfano.

"Ustadh," aliuliza, "ile Fatiha uloisoma, ilikuwa ya nini?"

Mwanamke mmoja aliacha kutafuna.

"Ya baraka, mama," Ustadh alisema nyuma ya pazia. "Ilikuwa ya baraka."

Alishuka kwa ngazi za nyuma, kwa kuwa mbele kulijaa wanaume na yeye hakuwa wa kuonekana tena. Mlango wa chumba cha chini ulikuwa wazi. Wafanyakazi wawili wa kike walikuwa wamepiga magoti bafuni, wakisugua vigae kwa dawa kali iliyomtoa machozi, na shuka nyeupe zilikuwa zimeshatandikwa kitandani, taulo limekunjwa juu yake kwa umbo la ndege. Wageni walitarajiwa usiku.

Jamaldin alimkuta kwenye mlango wa uani. Alikuwa amechoka, sauti imemkauka kwa kupokea rambirambi. Alimwambia tuktuk inamngoja kichochoroni na imeshalipwa, na biriani imewekwa ndani yake, ya yeye na majirani.

"Na hii nyumba ni yako, mamangu," alisema, mkono kifuani. "Usingoje kualikwa. Wakati wowote ule."

Kisha akaitwa daka la mbele, akarudi kwa watu wake. Mwanaesha alibaki pale kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akisikiliza vigae vikisuguliwa. Dzoro, aliyekuwa ameushika mlango, alisubiri kadiri alivyoweza. Mwishowe akainamisha kichwa, akamwomba asogeze mguu kidogo, apate kufunga mlango.